Mashine Ikituonya

Mchimbaji wa Kolwezi hushinda shimoni, akatoka na gunia la heterojeniti, ndilo jiwe lenye kobalti, akalipeleka Musompo kuuza. Hapo mnunuzi haangalii jasho. Hulielekezea jiwe kitu mfano wa bastola kitoacho mionzi ya eksirei, wenyewe hukiita Metorex, na kioo chake huonyesha hesabu. Kwa hesabu hiyo mtu hulipwa. Ripoti ya Amnesty International ya mwaka 2016 ilieleza kwamba mchimbaji hakuwa na njia yake mwenyewe ya kuihakikisha. Mashine ni ya mnunuzi, na neno la mwisho ni la mnunuzi. Pengine asema kweli tupu. Lakini nani atajua?

Twaleta habari hii, ndugu wasomaji, kwa sababu mionzi ya namna hiyo hutumika pia katika kazi iliyo mbali na vumbi la Lualaba. Mabingwa huzifanya protini za mwili ziwe fuwele, kisha huzipitishia mionzi. Hiyo hutawanyika na kuacha madoa maelfu kwa maelfu, na kwa nguvu za madoa hayo kompyuta huchora umbo la protini. Mchoro wa kwanza huwa hafifu. Husahihishwa tena na tena mpaka ulingane na madoa. Hapa ndipo penye mtego. Mtu mwenye bidii aweza kuulazimisha mchoro ulingane na kila doa, na bado ukawa wa uongo.

Mwaka 1992 Axel Brünger alitoa shauri: tenga sehemu ndogo ya madoa, kama moja katika kumi, usiitumie katika kusahihisha, kisha uiulize. Ni shahidi aliyekaa nje ya baraza, asiyesikia maneno ya wenzake. Programu za siku hizi zina maonyo mengine pia: atomu zimesongamana mno, mnyororo umepindika isivyo kawaida, madoa ya mbali hayana nguvu.

Je, kila onyo ni hukumu? Hasha. Yako mapindo ya ajabu yaliyo ya kweli, na madoa yenyewe huyaonyesha wazi. Kuondoa doa lililoharibiwa na barafu ni halali. Kuliondoa kwa kuwa latupinga ni kumfukuza shahidi, hata kama hakuna aliyetuona.

Wala si lazima mtu awe mwongo ndipo apotee. Mwaka 2001 Geoffrey Chang wa California alitangaza umbo la protini iitwayo MsbA. Picha yake ilikuwa hafifu, na programu moja ilikuwa imebadilishana safu mbili za hesabu, umbo likageuka kama mkono wa kulia uliochorwa wa kushoto. Mwaka 2006 mabingwa wawili wa Zürich walitoa umbo la protini ya jamaa yake, na halikupatana na lile. Chang alitafuta, akaliona kosa, akaziondoa hadharani makala tano. Twamheshimu kwa hilo. Lakini katika miaka ile mitano walikuwapo wengine ambao majaribio yao yalikuwa sahihi, wakashukiwa kwa sababu tu hayakupatana na mchoro mashuhuri. Kukiri kwake hakukuwarudishia miaka yao.

Na mchimbaji wa Musompo, akipewa ruhusa ya kuomba, angeomba nini? Twadhani angeomba mashine ya pili, mkononi mwa mtu asiyenunua mawe.