Kulinda Kazi Isiyokwisha

Twauliza swali moja. Fedha ikipungua na paa halijakwisha, je, ni haki kutumia sehemu ya fedha iliyobaki kwa kifuniko ambacho baadaye kitaondolewa? Wengine husema hiyo ni hasara. Afadhali kila senti iingie katika jengo lenyewe.

Katika nchi za baridi kali swali hili halingoji. Maji yakiingia ukutani yakaganda, hutanuka karibu sehemu moja ya kumi, nayo huharibu chokaa ambayo haijashika. Kwa hiyo waashi wa zamani wa Ulaya, baridi ilipokaribia, walifunika vichwa vya kuta kwa majani makavu na samadi, wakangojea joto lirudi.

Huko Canterbury, kanisa mama la Waanglikana, sehemu ya mashariki waliyosalia watawa iliungua mwaka 1174. Fundi mkuu, William wa Sens, alianguka kutoka jukwaani mwaka 1178. Akaongoza kazi kutoka kitandani, kisha akarudi Ufaransa, na William mwingine, Mwingereza, akaipokea. Pasaka ya mwaka 1180 watawa waliingia kusali, na upande wa mashariki ungali haujakwisha. Hapo palisimamishwa ukuta wa mbao wenye madirisha matatu ya vioo ili kuzuia dhoruba. Baadaye fedha ikakosekana, ukapita mwaka mzima pasipo kazi. Hata hivyo, mwaka 1184 paa lilifunikwa. Haya aliyaandika Gervase, mtawa wa hapo hapo.

Je, ukuta ule wa mbao ulikuwa hasara? Twaona sivyo. Senti ya mjane ikiisha kuingia katika jengo, sisi si wenye mali. Tu walinzi wake. Kuiacha inyeshewe ili tuonekane tungali tunajenga ni kumdhulumu aliyetoa, na kumdhulumu pia fundi atakayetufuata.

Lakini kifuniko nacho kina hatari yake. Mtu huweza kukizoea hata akakiita paa. Ukuta wa mbao wa Canterbury haukuachwa uwe ndio kanisa. Ulinzi ni wa haki pale unapongojea kazi, si pale unapochukua mahali pake.

Basi, kwa kila kazi tuliyoianza, iwe jengo, iwe shule, iwe malezi ya yatima, na tujiulize: tumeifunika ili tuirudie, au ili tusiione tena?