Alimwita Mto

Bibi yangu wa Msimbati hakuwahi kutaja jina la yule mwanamume. Alimwita mto.

Tulikuwa tukimkuta barazani anabangua korosho, vidole kavipaka majivu mafuta ya ganda yasimuunguze, anaimba chinichini. Katika wimbo wake Ruvuma imejaa, mtumbwi uko ng'ambo, na mikoko imesimama majini mpaka magotini kama watu wanaosubiri. Basi. Machozi hayamo. Sisi watoto tuliamini ni wimbo wa uvuvi.

Mama ndiye aliyeninong'oneza, bibi akiwa kaburini tayari. Vita vya kumwondoa Mreno Msumbiji, vilivyoanza 1964, viliwavusha watu mto kuja kwetu. Uhuru ulipopatikana 1975, wengi wakarudi kwao. Mmoja wao alirudi bila kuaga.

Kijiji kidogo, kuta za fito na udongo zinasikilizana. Ukitaja jina la mtu umejianika. Ukitaja mto, nani atakushitaki? Taarabu nayo imeishi kwa mafumbo, tangu enzi za Siti binti Saad aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri. Waridi na asumini za taarabu nazipenda, ila kwangu ni maua ya uani kwa watu. Bibi aliimba vilivyokuwa mbele ya mlango wake.

Aliimba upepo pia. Kaskazi huvuma kuanzia Desemba hadi Machi hivi, kisha kusi linashika. Aliyesafiri kwa tanga na kusi hungojwa na kaskazi; kaskazi ikipita bandari tupu, anayengoja hahitaji barua. Nadhani ndiyo maana bibi alijua kungoja kuliko mimi ninayechungulia simu kila dakika. Yeye alikuwa na miezi ya kungojea na miezi ya kuacha kungoja.

Mikoko yake bado ipo. Tangu 2000 eneo hilo ni Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma. Serikali imehifadhi kiitikio cha bibi bila kujua. Nilifika mwaka jana siku ya bamvua, maji ya mto yakiingia baharini na rangi yake ya udongo. Nikajaribu kuuimba ule wimbo. Ubeti wa kwanza ulinijia, wa pili ukagoma.

Nikampigia mama.

"Wa pili haukuwepo," akasema. "Akifika hapo alikuwa anaokota korosho nyingine."