Nyumba ya Kupanga ni ya Nani?

Nataka tufikiri pamoja juu ya neno ambalo wengi hulipita bila kuliangalia: mtu akiisha kulipa kodi ya nyumba, je, nyumba ile ni ya nani?

Mwalimu apewaye kazi Lushoto hupanda kutoka Mombo, akapita Soni na magenge yake, akafika mjini jioni, baridi imemshika. Hana jamaa wala shamba. Atafuta chumba, naye mwenye nyumba amwambia, "Lete kodi ya miezi sita." Lakini mshahara huja mwezi kwa mwezi. Basi hukopa, na deni huingia chumbani kabla ya kitanda.

Jambo hili lilinipata mimi mwenyewe. Nalimnung'unikia mwenye nyumba moyoni, nikamwita mchoyo. Hata siku moja akanionyesha ukuta uliolowa mvua za masika, akanena, "Mwalimu, nyumba hii nimeijenga miaka tisa, tofali kwa tofali. Mpangaji aliyekutangulia aliondoka usiku, akaniachia deni la miezi minne na mlango uliovunjika." Nikanyamaza. Kumbe yeye naye alikuwa na hofu kama mimi.

Lakini hofu si haki. Mwenye nyumba amtozaye mgeni kwa kosa la yule aliyekimbia, amwadhibu asiyekosa. Na mpangaji awaitaye wenye nyumba wote wachoyo, naye afanya vivyo hivyo.

Washambaa wana habari ya kale ya Mbegha, mwindaji aliyetoka nchi ya Nguu. Alikuja na mbwa wake, hana ndugu mlimani. Akawapa watu nyama, nao wakampa vyakula. Mwisho wakamfanya mtawala wao, na Vuga ikawa makao ya wazao wake, Wakilindi. Mtu aweza kusema, "Waona? Mbegha naye alitanguliza malipo." Ni kweli. Lakini malipo yale yalikuwa mwanzo wa kujuana, wala hayakuwa badala yake. Wahenga walinena, Mgeni njoo, mwenyeji apone. Sisi twaigeuza: mwenyeji apone kwanza, ndipo mgeni aje.

Je, sheria haitoshi? Sheria ya mwaka 1984 iliweka mipaka juu ya kupandisha kodi, lakini ilifutwa mwaka 2005. Tangu hapo mapatano ya watu wawili yamezidi kuwa na uzito, na mapatano yasiyoandikwa humwumiza aliye mnyonge. Kwa hiyo yafaa yaandikwe mbele ya shahidi: kodi ni kiasi gani, nani atengeneze paa, na mtu apewe muda gani kabla ya kuhama.

Nami nalijibu swali langu hivi: kuta ni za aliyejenga, bali maskani ni ya akaaye. Mwenye nyumba asiingie bila hodi, wala asimtoe mtu kwa kuwa amepata mwingine mwenye fedha zaidi. Mpangaji naye asivunje asichokijenga.

Sisi wawili tuliandikiana kodi ya miezi mitatu mitatu, jirani akiwa shahidi. Na ule mlango nikautengeneza mimi. Haukuwa wangu, lakini ndio nilioufunga kila usiku nikalala salama.