Hisabu ya Mipira na Ilimu ya Ghaibu

Ndugu zetu wauliza: je, mtu atazamaye michezo ya mpira iliyopita, akahisabu ushindi na kushindwa, kisha akasema timu fulani yaelekea kushinda, huwa amedai kujua ghaibu?

Twajibu: la. Wanazuoni wetu wamepambanua baina ya yakini na dhana yenye nguvu. Mkulima apandaye kwa kuwa mvua za masika aghalabu huja, hakudai ghaibu. Amefuata desturi ya Mwenyezi Mungu katika viumbe vyake.

Lakini dhana haigeuki yakini kwa wingi wa hisabu. Argentina ilicheza michezo 36 bila ya kushindwa tangu mwaka 2019. Tarehe 22 Novemba, 2022, huko Qatar, ikafungwa na Saudi Arabia 2 kwa 1. Hisabu haikusema uwongo, kwani ilisema "yaelekea", haikusema "itashinda". Aliyepotoka ni yule aliyeichukua dhana akaifanya yakini.

Ama kuweka fedha juu ya hisabu hiyo ni kamari, nayo imeharimishwa katika Sura ya Maida, aya ya 90. Na hisabu yenyewe yamshuhudia mchezaji. Pande mbili zikiwa sawa, haki ya aliyeweka shilingi 100 ni kurudishiwa 200 akishinda. Tuseme mwenye kamari humpa 180. Basi kwa kila 100 aziwekazo, kwa wastani hupotewa na 10.

Kijana apendaye hisabu na aifuate mpaka mwisho wake, atajionea mwenyewe ni nani apataye. Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.