Kidonge cha Asubuhi ya Upasuaji

Mwanangu daktari, nimechoka kulisema hili, lakini kwa kuwa bado mnalifanya, nitalisema tena. Mwenye ugonjwa wa mishipa ya moyo analetwa kupasuliwa, unamshika mkono, unakuta mapigo yanakwenda mbio, basi unakimbilia dawa ya kuyapunguza ilhali meza ya upasuaji inamngoja. Acha.

Wazo lenyewe si la kijinga. Moyo ukienda polepole hutumia oksijeni kidogo, na mishipa iliyobanwa hupata muda wa kuulisha. Hata sisi tuliokutangulia tuliliamini. Mwaka 2008 yakatoka matokeo ya utafiti wa POISE: wagonjwa 8,351, wengine wakianzishiwa metoprololi saa chache kabla ya upasuaji, wengine wakipewa kidonge kisicho na dawa. Waliomeza metoprololi walipata mashambulio machache ya moyo, ni kweli. Lakini walikufa wengi zaidi, na kiharusi kikawapata wengi zaidi, presha zao zikiwa zimeanguka. Moyo umelindwa, mwenye moyo kazikwa.

Sasa usigeuke ukamkatia dawa hiyohiyo mtu anayeimeza miaka nenda miaka rudi. Huyo aimeze hata asubuhi ile, kwa funda la maji, ilimradi presha na mapigo havijashuka mno. Ukimkatia ghafla, moyo unaweza kurudi mbio kuliko mwanzo. Statini nayo aendelee. Mwenye stenti usimwamulie peke yako aspirini yake. Mwite daktari wa moyo na huyo mpasuaji mkae pamoja. Stenti mpya zenye dawa kwa kawaida hupewa miezi 6 hadi 12 kabla ya upasuaji usio wa lazima. Ngiri isiyouma itangoja. Nyonga iliyovunjika haingoji, na wala usiniambie azibuliwe mishipa kwanza kama moyo wake umetulia.

Kazi kubwa, mwanangu, iko wodini, na huko ndiko siwaoni. Mapigo 110 usiku wa kwanza yana sababu. Muulize maumivu. Funua shuka utazame bandeji, utazame mrija unatoa damu kiasi gani. Mfuko wa mkojo una nini? Hajapungukiwa maji? Gusa miguu, akiwa anatetemeka kwa baridi mfunike, maana kule kutetemeka kunakula oksijeni ambayo moyo unaihitaji. Pima wingi wa damu. Dawa ya kupunguza mapigo ifikirie baada ya hayo yote.

Wala usingoje ashike kifua. Mofini imeshafunika maumivu, na wengi ambao moyo huumia baada ya upasuaji hawalalamiki chochote. Hutokea zaidi siku mbili tatu za mwanzo, basi siku hizo pima troponini. Maabara yenu kama haina, fanya kipimo cha umeme wa moyo, ukilinganishe na kile cha kabla ya upasuaji. Hicho cha kabla ulikifanya?