Nani Anaukunja Mnyororo? Modeli za Protini na Swali la Sababu katika Skuli za Pemba

Protini ni mnyororo wa asidi amino uliojikunja ukapata umbo, na umbo hilo ndilo linaloipa kazi yake. Aina za asidi amino zinazotumika kwa kawaida ni 20 tu. Kinachotofautisha himoglobini ya damu na kimeng'enya cha tumboni ni mpangilio wake. Hadubini ya skuli haiwezi kuonesha lolote kati ya haya, na kwa hiyo tangu mwanzo wa elimu hii wataalamu wenyewe walitegemea mikono. Mwaka 1948, akiwa mgonjwa kitandani mjini Oxford, Linus Pauling alichora mnyororo kwenye karatasi, akaikunja, na hapo akaliona umbo la parafujo ambalo yeye na wenzake walilitangaza mwaka 1951. John Kendrew na wenzake walipoipiga miale ya eksirei mayoglobini ya nyangumi, waliyoyaona waliyafinyanga kwa plastisini, na modeli hiyo ikachapishwa mwaka 1958. Ilikuwa kitu kilichopindapinda hovyo, bila ule ulinganifu ambao wengi waliutarajia.

Kwa skuli ya Wete, Chake Chake au Mkoani, modeli ya aina hii haihitaji maabara. Waya wa umeme wenye ganda la plastiki na shanga za rangi tano vinatosha. Shanga za njano ni asidi amino zinazokimbia maji, nyeupe ni zinazoyapenda, nyekundu zina chaji hasi, buluu zina chaji chanya, na kijani ni sisteini, ambazo hufungana mbili mbili kwa salfa. Mwanafunzi hupewa kanuni chache: njano zijifiche ndani, nyeupe zikae nje, nyekundu isogee kwa buluu, kijani ipate mwenzake. Kisha anaukunja waya. Kila kundi hutoka na umbo lake, na ubishi unaozuka hapo una faida kuliko ukurasa mzima wa kitabu.

Swali moja la dini huenda likaulizwa mapema, nalo halina uzito mkubwa. Wanazuoni waliokataza kutengeneza sanamu walikusudia viumbe wenye roho. Protini haina roho, na shanga kwenye waya hazifanani na kiumbe yeyote.

Swali zito liko kwingine. Katika modeli, kinachokunja ni mkono wa mwanafunzi. Katika seli hakuna mkono. Modeli inaonesha vizuri umbo la mwisho na kuficha jambo lenyewe linalostaajabisha, yaani kwamba mnyororo hufika kwenye umbo hilo bila kushikwa na mtu. Christian Anfinsen aliuchunguza ukweli huo kwa raibonukliasi, protini yenye asidi amino 124. Aliikunjua kwa kemikali mpaka ikapoteza umbo na kazi, kisha akaziondoa kemikali hizo, nayo ikajikunja upya na kufanya kazi kama awali. Protini hiyo ina sisteini 8. Mwanafunzi anayejua kuzidisha 7 kwa 5 kwa 3 atapata kwamba zinaweza kufungana kwa njia 105, na iliyo sahihi ni moja. Kundi lililopewa shanga 8 za kijani litabahatisha. Protini, ikiachiwa nafasi na mazingira yake, haibahatishi. Kwa kazi hiyo Anfinsen alipata Nobeli ya Kemia mwaka 1972, akigawana na wenzake wawili.

Sasa, ni nani au ni nini kilichokunja? Jibu la darasani ni kwamba umbo limo ndani ya mpangilio wenyewe: njano hukimbia maji, chaji huvutana, na mnyororo hutulia pale nguvu zake zinapotua. Mwanafunzi wa Pemba, ambaye mara nyingi amepita chuoni kusoma Kurani kabla ya kuyafikia masomo ya kemia, anaweza kuona kwamba jibu hilo linagusa mjadala wa zamani sana. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111 na ambaye jina lake lina heshima kubwa kwa wafuasi wa madhehebu ya Shafii katika pwani yote, aliuliza kuhusu pamba na moto: tunachoshuhudia ni pamba kuungua inapokutana na moto, lakini hatujaona kwamba moto ndio uliounguza. Kwake, kufuatana kwa mambo hayo mawili ni ada aliyoiweka Mungu, na Mungu akitaka huivunja. Ibn Rushd, aliyefariki mwaka 1198, alimjibu kwa kitabu kizima. Vitu vina tabia zake, alidai, na anayekanusha sababu ameikanusha akili yenyewe, kwa kuwa kazi ya akili ni kuzijua sababu.

Lugha ya somo la baiolojia iko upande wa Ibn Rushd. Inasema asidi amino "inafanya", "inakimbia", "inavuta". Hata hivyo jaribio la Anfinsen halimshindi Ghazali. Yeye hakuwahi kudai kwamba ada haina mpango. Mpango ukirudiwa mara elfu bila kukosea, atasema ndiyo hiyo ada. Hakuna jaribio linaloweza kumtofautisha anayesema mnyororo umejikunja na anayesema umekunjwa kila mara kwa namna ileile. Mwalimu anayetangaza kwamba sayansi imemaliza mjadala huo ametoka nje ya somo lake. Amekosea vilevile anayesimama baada ya kukunja waya na kusema kwamba, kwa kuwa modeli ilihitaji mkono, basi protini nayo imethibitika kuhitaji mkono. Mkono huo ni upungufu wa waya. Isitoshe, zipo protini ambazo ndani ya seli husaidiwa na protini nyingine zisijikunje vibaya, kwa hiyo hata kusema kwamba mpangilio unatosha peke yake ni kweli yenye mipaka.

Uzito wa mjadala huu unaonekana kwenye ugonjwa wa selimundu. Himoglobini ina minyororo minne: miwili ya alfa yenye asidi amino 141 kila mmoja, na miwili ya beta yenye 146. Vernon Ingram alionesha katika miaka ya 1956 na 1957 kwamba tofauti kati ya himoglobini ya kawaida na ya selimundu ni asidi amino moja, ambayo baadaye ilijulikana kuwa ya sita kwenye beta. Mahali pa asidi ya glutamiki pamekaa valini. Kwa shanga, nyekundu moja imeondolewa ikawekwa njano. Hapa modeli hufundisha jambo lisilotarajiwa, kwa sababu kundi likibadilisha shanga hiyo, umbo la mnyororo wake karibu halibadiliki. Njano imekaa nje, haina pa kujificha. Makundi yote yakileta modeli zao meza moja ndipo njano ya mmoja inapopata pa kujibana kwa jirani, na molekuli zinaungana kuwa nyuzi. Mwilini jambo hilo hutokea himoglobini inapokuwa imeachia oksijeni, na chembe nyekundu hupinda kama mundu.

Mzazi wa mtoto mgonjwa husema ni kadari ya Mungu. Mwalimu husema ni asidi amino ya sita. Kauli hizi hugongana pale tu moja inapotumiwa kuzuia nyingine, kama vile kadari inapotajwa ili vipimo visifanywe kabla ya ndoa. Na mwalimu naye asiharakishe kuita badiliko hilo kosa. Mwaka 1954 Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alionesha kwamba chembechembe za selimundu zimeenea Afrika Mashariki pale palipo na malaria nyingi, pwani na kando ya Ziwa Viktoria, na ni adimu nyanda za juu. Aliyerithi kwa mzazi mmoja hupata kinga dhidi ya malaria kali. Aliyerithi kwa wazazi wote wawili huumwa.

Pemba yenyewe imetoa onyo kuhusu maelezo mepesi. Kila mnyororo wa himoglobini hubeba atomu moja ya chuma, na ingeonekana dhahiri kwamba mtoto mwenye upungufu wa damu apewe chuma. Utafiti mkubwa uliofanywa kisiwani na kuchapishwa na jarida la Lancet mwaka 2006 ulikuta kwamba, katika mazingira yale ya malaria kali, watoto wadogo waliopewa kila siku chuma na asidi foliki walilazwa au kufariki zaidi kuliko wasiopewa. Sehemu hiyo ya utafiti ilisimamishwa kabla ya wakati. Hesabu ya chuma ndani ya himoglobini ilikuwa sahihi. Kilichosahauliwa ni vimelea.

Kwa hiyo siku ya kukunja waya, skuli za Pemba zimwalike mwalimu wa dini aingie darasa moja na mwalimu wa baiolojia. Mmoja aeleze kwa nini njano hujificha, mwingine aeleze Ghazali na Ibn Rushd walibishania nini, na wanafunzi waachwe wawaulize wote wawili.