Sadaka na Jirani

Mtu akaaye Kibera au Kawangware, mitaa ya Nairobi ambamo vyumba vingi hutengwa na bati moja tu, hana siri kwa jirani yake. Kikohozi chake husikika, na kilio cha mtoto wake humwamsha mwingine. Huko ugomvi huanza kwa mtungi wa maji uliosogezwa mbele katika foleni, au kwa maji machafu yaliyomwagwa mlangoni pa mtu.

Mkristo aliyegombana hivyo afanyeje? Wengi hujibu kuwa asamehe moyoni, kisha Jumapili aende zake kanisani. Jibu hili ni jepesi mno. Katika Injili ya Mathayo, sura ya 5, Yesu afundisha kwamba mtu akumbukaye mbele ya madhabahu kuwa ndugu yake ana kinyongo naye, aiache sadaka palepale akapatane naye kwanza. Tazama vema, msomaji: haulizwi kama yeye amekasirika, bali kama yuko aliyekasirishwa naye. Basi msamaha wa kimoyomoyo hautoshi. Sharti miguu itembee, hodi ipigwe, na kinywa kitamke, “Mama, jana nilikosa; niwie radhi.” Kwa kijana mwenye kiburi, hatua hizo kumi ni ndefu kuliko njia ya kwenda mjini.

Kinyongo kidogo kisichosuluhishwa hakifi, hungoja. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, machafuko yaliiwasha Kibera, na soko la Toi likateketea. Oktoba 2017 ikawa zamu ya Kawangware. Siasa ndiyo iliyowasha moto, wala sitaki kuwatwika wapangaji dhambi za wakubwa. Lakini kiberiti chataka kuni kavu. Mwai Kibaki na Raila Odinga walitia sahihi mapatano yao tarehe 28 Februari 2008, Kofi Annan akiwa msuluhishi. Muuza mboga na jirani yake hawakuwa na msuluhishi wala karatasi. Walirudi tu kukaa bati kwa bati.

Walakini amani si kunyamaza. Mpangaji aliyedhulumiwa akiambiwa na mwenye nyumba, “Wewe ni Mkristo, vumilia,” dini imegeuzwa kufuli ya kinywa. Ana ruhusa kamili ya kudai haki yake kwa upole, mbele ya wazee au ya chifu. Anayetakiwa kuiacha sadaka madhabahuni na kwenda kupiga hodi ni yule mwenye nyumba.